Tusihesabu Mita Tu, Tuulize na Upana wa Shimo



Natumaini wote mmevuka salama kipindi cha giza, masomo yanakwenda, na wale wa boksi mnaendelea na boksi. Mhariri ameniomba niandike kitu kuhusu fani yangu, halafu akaongeza kwa upole kwamba nisiwachoshe watu na hesabu. Namwomba radhi mapema. Hesabu zitakuwepo kidogo, kwa sababu bila hizo nitakuwa nawaficha kosa langu mwenyewe.

Kosa lenyewe ni hili. Mwaka 2021 sisi Waafrika Mashariki tunaoishi huku Akalla, pamoja na wenzetu wa Husby na Kista, tulichanga pesa tukachimbisha kisima kirefu kijijini kwa bibi yangu, wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani. Watu walijinyima kweli. Wapo waliotoa hela ya zamu mbili za kufagia ofisi usiku. Kisima kikachimbwa, mita 78. Picha zikaja: maji yanaruka juu, watoto wanacheka, mwenyekiti wa kijiji amevaa koti. Tulisherehekea hapa hapa kwenye ukumbi mdogo wa jirani, tukala pilau.

Miezi kumi na minne baadaye nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo huko kwenye baridi?"

"Sijambo bibi. Maji vipi?"

"Maji yenu yanatafunika, baba. Mtu akinywa anatafuna."

Mchanga. Kisima kilikuwa kinatoa mchanga, na wiki tatu baada ya simu ile pampu ikafa. Mchanga ulikuwa umekula mapanga ya ndani. Akina mama wakarudi kwenye kidimbwi chao cha zamani, na sisi huku tukaanza kutafuta mchawi. Wengine walisema fundi ametuibia. Wengine walisema pampu ni ya bei rahisi. Mmoja alisema wanakijiji hawajui kutunza vitu, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa najua si kweli na nilikaa kimya.

Nilikaa kimya kwa sababu mchawi nilikuwa mimi. Kwenye kundi letu mimi ndiye "injinia". Nasoma mambo ya udongo na miamba, shahada ya pili. Kabla ya kazi tulikuwa na makadirio mawili ya gharama. La kwanza lilikuwa na mstari unaosema: kupanua shimo kutoka inchi 6 na nusu hadi inchi 10. La pili halikuwa na mstari huo, na lilikuwa nafuu kwa karibu robo. Wenzangu wakaniuliza, "Injinia, hii ya kupanua ni ya lazima?" Nikajibu, mbele ya watu kumi na tano, kwamba shimo ni shimo, muhimu ni kufika kwenye maji. Basi tukachukua la pili.

Leo nataka kusema kwamba jibu lile lilikuwa la kijinga, na kwamba vikundi vingi vya wanafunzi na ndugu zetu wa ughaibuni wanaochangia visima wako hatarini kulirudia.

Tuanze hapa hapa tunapoishi. Kila asubuhi nashuka kwenye kituo cha treni cha Akalla, mwisho wa njia ya bluu. Kituo hiki kilifunguliwa mwaka 1977, na kimechongwa ndani ya mwamba. Ukutani kuna michoro ya vigae ya Birgit Ståhl-Nyberg inayoonyesha watu kazini na nyumbani. Ukienda mjini, Kista tu ndipo unapoona anga. Vituo vingine vyote vya njia ya bluu viko chini ya ardhi. Tangu mwaka 2018 kumekuwa na kazi ya kuirefusha njia hii kutoka Akalla kwenda Barkarby, na jirani zangu wamezoea kusikia habari za milipuko.

Wengi tunadhani handaki la mwamba ni baruti tu. Lakini muulize mtu wa kazi hiyo: kabla ya kulipua, mtambo hutoboa mashimo mengi membamba, ya kipenyo cha milimita 45 hadi 51 hivi, na hayo ndiyo hutiwa baruti. Katikati yao, kwa njia inayotumika sana, huwa kuna shimo moja au machache ambayo hayatiwi baruti kabisa. Kwanza hutobolewa membamba kama mengine, kisha fundi hubadilisha kichwa, anaweka kipanuzi chenye ncha ya kuongoza mbele, na shimo linapanuliwa hadi milimita 100 au zaidi. Kazi ya shimo hilo tupu ni nini? Ni nafasi. Mwamba ukivunjika unataka pa kwenda. Usipoupa nafasi, baruti inalipuka, mwamba unapasuka, halafu unabaki umebanana pale pale. Kwa hiyo mlipuko wote unategemea shimo lile tupu lililopanuliwa.

Hicho ndicho kifaa ninachotaka tukijue. Kwa Kiswahili changu nakiita kipanuzi. Kwa matamshi yetu wengine wangesema rima. Kazi yake si kuanzisha shimo. Anafuata njia iliyokwisha kutobolewa na kuifanya iwe pana. Maumbo yake ni mengi, nitaje matatu.

La kwanza ni kubwa la migodini. Miaka ya 1960 kampuni ya Robbins ya Marekani ilileta mtambo unaotoboa shimo jembamba kutoka juu hadi kwenye handaki la chini, upana wa sentimita 30 hivi. Likifika chini, mafundi wanaondoa kichwa cha kutobolea, wanafunga kichwa kikubwa chenye magurudumu ya meno, kisha mtambo unakivuta kwenda juu huku kinazunguka. Vipande vya mwamba vinaanguka vyenyewe chini. Unapata shimo la mita 2, 3 hata 5 la kupitisha hewa au mawe ya madini, na hakuna mtu aliyeingia ndani kuhatarisha maisha.

La pili lilibuniwa hapa Sweden miaka ya 1970, linaitwa ODEX. Hili ni la udongo unaobomoka juu ya mwamba. Mbele kuna ncha ya kuongoza, nyuma yake kuna bawa ambalo halikukaa katikati. Ukizungusha kulia, bawa linatoka nje na kukata shimo pana kuliko bomba la chuma linalofuata nyuma, hivyo bomba linashuka sambamba na ncha bila udongo kuporomoka. Ukifika kwenye mwamba, unazungusha kinyume kidogo, bawa linajikunja, unalitoa juu kupitia ndani ya bomba lile lile. Nimeona mtambo ukifanya kazi kwenye bustani ya nyumba moja kule Sollentuna, walikuwa wanachimba kisima cha joto la ardhi. Fundi alinionyesha bawa lenyewe. Ni kipande cha chuma unachoweza kukibeba mkononi.

La tatu ndilo linalotuhusu sisi watu wa Mkuranga: kipanuzi cha udongo laini na mchanga. Hiki hakina siri yoyote. Ni bomba nene lililochomelewa mabawa ya chuma kwa ngazi, dogo mbele, kubwa nyuma, na ncha ya kukiongoza kisitoke nje ya shimo la kwanza. Mafundi wetu wa Gerezani, wa Kamukunji pale Nairobi au wa Katwe Kampala wana ujuzi wa kutosha kukitengeneza wakipewa vipimo. Kwa hiyo tusiseme kupanua ni teknolojia ya Wazungu. Kinachogharimu ni mafuta ya mtambo na muda, chuma chenyewe si tatizo.

Na muda ni mwingi kweli, hapa ndipo hesabu zinaingia. Shimo la inchi 6 na nusu linatoa lita 21 za udongo kwa kila mita. Shimo la inchi 10 linatoa lita 51. Maana yake kupanua peke yake ni lita 30 kwa mita, yaani zaidi ya kazi yote ya kutoboa mara ya kwanza! Ndiyo maana mstari ule ulikuwa na bei, na ndiyo maana huwa wa kwanza kukatwa watu wakitaka unafuu.

Sasa tulikata nini hasa? Bomba la plastiki tuliloweka lilikuwa na kipenyo cha nje cha milimita 140. Kwenye shimo la inchi 10 lingebaki pengo la milimita 57 kila upande. Pengo hilo hujazwa kokoto ndogo safi, za milimita 2 hadi 4 hivi, na kokoto hizo ndizo kichujio: maji yanapita, mchanga unabaki nje. Kwenye shimo letu pengo lilikuwa milimita 12 na nusu, upana wa kidole, na hiyo ni kama bomba limekaa katikati sawasawa. Nalo halikai. Mita 78 chini bomba huegemea ukuta, upande mmoja halina pengo kabisa. Hapo mchanga unagusa matundu ya bomba moja kwa moja, na kila ukiwasha pampu unauvuta.

Fundi hakutuibia. Alitupa tulichokilipia.

Nikampigia mama mdogo, ambaye siku ile alikuwepo tangu asubuhi akiwapikia mafundi. Nikamuuliza kama anakumbuka kokoto zilizomwagwa. Akasema, "Walimwaga toroli nne au tano, halafu wakasema imejaa." Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Kwa mita 60 za kujaza kokoto, shimo la inchi 10 linahitaji lita 2,100, ambazo ni toroli 35 ukichukua toroli ya lita 60. Shimo letu jembamba lilikuwa na nafasi ya lita 360, toroli 6. Mama mdogo hajasoma uhandisi, lakini jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Najua kuna watakaopinga, na hoja zao zina uzito, nizijibu.

Wa kwanza atasema: heri kisima chembamba kuliko kukosa kabisa. Ningekubali kama kisima chembamba kingedumu. Chetu kilidumu mwaka na kidogo. Ukigawa gharama kwa miezi iliyotoa maji, lile kadirio "ghali" lilikuwa rahisi kuliko letu.

Wa pili atasema: basi tukipanua shimo tutapata maji maradufu. Hapana jamani, na hapa msidanganyike. Ukizidisha kipenyo mara mbili, maji yanaongezeka kwa asilimia 10 hivi tu, kwa sababu kinachoamua ni tabaka la ardhi linavyopitisha maji kutoka mbali. Kupanua ni kwa ajili ya kokoto na kwa ajili ya pampu kukaa vizuri. Mtu akikuuzia upana kwa ahadi ya maji mengi, mwambie arudi darasani.

Wa tatu, labda kutoka Kitui, Dodoma au Karamoja, atasema kwetu chini ni mwamba mgumu, hatuhitaji kokoto. Ni kweli. Mwamba mgumu husimama wenyewe, na mara nyingi unapanua sehemu ya juu tu yenye udongo ili bomba lishuke na kukaza vizuri kwenye mwamba. Usilipe kupanua mita 100 za mwamba kwa sababu tu umesoma makala yangu. Hata visima vya mvuke vya Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa umeme ulianza kazi mwaka 1981, vinaanza vipana juu na kuwa vyembamba kila hatua kwenda chini, ili kila bomba lipate nafasi ya saruji kuzunguka. Kanuni ni ile ile: upana unapangwa kabla, kulingana na kitakachoingia ndani.

Kuna jambo lingine nimejifunza hapa ugenini ambalo lingetufaa kuliko pesa. Sweden, mchimbaji wa kisima anatakiwa na sheria kupeleka taarifa za kila kisima kwenye taasisi ya jiolojia ya taifa, SGU, na mtu yeyote anaweza kuziona. Mwongozo wao unasema bomba la kukinga liwe angalau mita 6, na angalau mita 2 ziingie kwenye mwamba imara. Mwenye nyumba wa Sollentuna hakuwa injinia, lakini aliyajua hayo na aliyauliza. Kwetu nako sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, mchimbaji anatakiwa kuwa na leseni na kisima kiwe na kibali, na tangu mwaka 2019 tuna RUWASA kwa maji ya vijijini. Kwa hiyo karatasi zipo. Sisi wenye pesa ndio hatuziulizi. Tunauliza picha.

Na hili ndilo neno langu kali la leo. Tunapenda mita na tunapenda maji yanayoruka, kwa sababu vinapendeza kwenye picha. Kupanua hakupigwi picha. Siku ya kupanua mtambo unazunguka kutwa nzima, tope linatoka, hakuna jipya, kina hakiongezeki hata sentimita moja. Mtu aliye mbali anaona kama anaibiwa. Lakini ndiyo siku inayoamua kama bibi atakunywa au atatafuna.

Sasa kundi letu linataka kuchanga tena. Kwenye kikao cha mwisho wengi walisema safari hii twende mita 120, "tusiwe wanyonge." Naheshimu moyo huo, ila napinga. Maji yalikuwepo kwenye mita 78. Kilichokosekana ni nafasi. Tena pwani, kuzidi kwenda chini kunaweza kukupeleka kwenye maji ya chumvi, na hapo hata kokoto za dhahabu hazitakusaidia.

Mapendekezo yangu ni haya, na yanahusu chama chochote cha wanafunzi kitakachochangia kisima, uwe unasoma Stockholm, Leeds au Minnesota. Mkataba utaje kipenyo cha mwisho cha shimo na kipenyo cha nje cha bomba, usitaje kina tu. Utaje ujazo wa kokoto na ukubwa wake. Mchimbaji aandike daftari la kila mita: udongo gani umetoka, lini ametoboa, lini amepanua, na nakala ibaki kijijini. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya maji kupimwa mchanga kwenye ndoo nyeupe, si baada ya picha. Na awepo mtu wa pale pale, mnayemlipa posho yake, wa kuhesabu toroli. Shimo la mchanga hubomoka kidogo wakati wa kazi, hivyo kokoto huwa nyingi kuliko hesabu, mara chache sana pungufu. Zikiwa pungufu sana, simamisheni kazi mpige simu.

Mimi binafsi nimewaambia wenzangu ukweli wote kwenye kikao kile, kwamba ni mimi niliyesema shimo ni shimo. Haikuwa rahisi. Yule wa zamu mbili za usiku aliniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, ungetuambia tu mapema, tungeongeza zamu moja." Hilo limenikaa mpaka leo. Watu hawakukataa kulipa. Walimtegemea aliyesoma awaambie ni kipi cha lazima, na aliyesoma akaona aibu kuonekana anapandisha bei.

Nilipomweleza bibi kwamba tunajipanga upya, aliuliza swali moja tu: safari hii atakuwepo nani wa kuangalia? Nikamwambia mama mdogo atahesabu toroli mpaka 35. Bibi akasema, "Basi na mimi nitakaa naye. Mmoja akienda jikoni, mwingine anahesabu."

Naomba kutoa hoja.